Lugha ya Maelekezo ya Kiufundi katika Kiswahili: Mfano wa Tanuri la Gesi la Nyumbani

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia si mgeni katika kumbi za vyuo vikuu vyetu. Aghalabu mjadala huo huishia kwenye orodha za istilahi. Orodha hizo ni hazina isiyopaswa kubezwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na wanafunzi wengi wamefaidi matunda ya kazi hiyo. Hata hivyo, istilahi peke yake haiwashi mtambo wala haiuzimi. Kati ya istilahi na mkono wa mtumiaji pana matini nzima ya maelekezo, yenye vitenzi, nyakati, mpangilio wa sentensi na sauti ya anayeamuru. Sehemu hii ya lugha haijapewa uzito unaostahili.

Makala haya yanauchukua mtambo mmoja, tanuri la gesi linalopasha nyumba joto huko Marekani na Kanada, na kuonyesha jinsi maelekezo ya kuliendesha, kulisafisha na kulikagua yanavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha na salama. Mtambo huu umeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, haumo katika nyumba za Afrika Mashariki, kwa hivyo Kiswahili hakijauzoea na mfasiri hana pa kuegemea. Pili, wapo wasemaji wa Kiswahili wanaouhitaji: Wakenya walioko Minnesota, na wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo waliopewa makazi katika majimbo mbalimbali ya Marekani na katika Kanada. Mtu aliyezoea baridi ya Julai ya Nairobi hajapata kuonja Januari ya Minneapolis, ambako kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Tatu, na hili ndilo kubwa, kosa la lugha katika maelekezo ya mtambo huu linaweza kuua.

Suala la jina

Neno tanuri, au tanuu kama wasemavyo baadhi ya watu wa pwani, limo katika Kiswahili tangu zamani, na asili yake ni Kiarabu. Msemaji alisikiapo hupata picha ya mahali pa kuokea mikate, au tanuu ya kuchomea mawe ya matumbawe yapate kuwa chokaa. Joko nalo lina vyungu na matofali yake. Jiko ni la chakula. Katika yote hayo kitu huwekwa ndani ya moto ili kiive au kibadilike. Mtambo unaojadiliwa hapa hauivishi chochote. Hewa ya nyumba ndiyo hupita kando ya moto, ikapata joto, ikarudi vyumbani kwa njia ya mabomba mapana.

Je, neno hita lingefaa? Neno hilo linafahamika nchini Kenya, na wengi hulitumia kwa chombo cha umeme cha kuchemshia maji ya kuoga. Lakini chombo hicho hakina mwali wala dohani. Anayeuita mtambo wa gesi kwa jina hilo hilo atakosa kukumbuka mambo mawili ya hatari zaidi kuuhusu: kwamba ndani yake mna moto, na kwamba moto huo hutoa moshi unaotakiwa kutoka nje. Tanuri, pamoja na udhaifu wake, linatunza wazo la moto. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza jina kamili tanuri la kupashia nyumba joto katika kichwa cha matini na tanuri pekee baada ya hapo. Kigezo hapa si ufupi wala uzuri wa neno, bali ni kile ambacho neno linamkumbusha msomaji.

Kigezo hicho hicho kinafaa kutumiwa kwa sehemu za ndani. Mahali gesi inapowakia paitwe kichomeo, wala si kichomi, kwani kichomi ni ugonjwa wa kifua. Kifaa kinachopima joto la chumba na kuliamuru tanuri kuwaka ni kidhibitijoto, au themostati kwa waliokwisha kulizoea neno hilo. Kifaa kinachotambua kuwa moto umewaka ni kihisi mwali. Sehemu yenye utata mkubwa ni ile ya chuma inayotenganisha moto na hewa ya nyumba. Mfasiri wa neno kwa neno ataiita kibadilisha joto, ilhali joto halibadiliki kuwa kitu kingine. Linapenya tu ukutani mwa chuma, upande wa moshi hadi upande wa hewa, bila ya moshi na hewa kukutana. Kipitishajoto ni jina bora, nalo lifuatwe na maelezo ya sentensi moja: kuta za chuma zinazopitisha joto na kuzuia moshi. Msomaji aliyeelewa maelezo hayo hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini ufa katika kuta hizo ni jambo la kutisha.

Mfuatano wa utendakazi na sarufi yake

Tanuri la kisasa hufanya kazi kwa mfuatano usiobadilika. Kidhibitijoto kinaomba joto. Feni ndogo ya kuvuta moshi inaanza kuzunguka, na swichi ya mgandamizo inathibitisha kwamba njia ya moshi iko wazi. Kiwashio kinapata umeme na kukolea wekundu. Vali ya gesi inafunguka, vichomeo vinawaka, na kihisi mwali kinathibitisha moto katika muda wa sekunde chache. Kisipouona, vali inajifunga. Baada ya kama nusu dakika hadi dakika moja, kipitishajoto kikishapata moto, feni kubwa inaanza kusukuma hewa vyumbani. Joto likitimia, gesi inakatika kwanza, na feni kubwa inaendelea kwa dakika moja au zaidi ili kutoa joto lililosalia.

Aya hiyo imeandikwa kwa wakati wa -na- makusudi. Waandishi wengi wangetumia hu- ya mazoea, nayo si kosa kisarufi. Lakini hu- hufuta kiambishi cha nafsi au ngeli. Katika sentensi "Kiwashio hupata umeme, kisha hufunguka, na baadaye huzunguka", msomaji asiyeujua mtambo hawezi kujua kwamba vitenzi vitatu vina watendaji watatu. Upatanisho wa ngeli ni utajiri ambao lugha nyingi hazina: kinakolea ni kiwashio, inafunguka ni vali, vinawaka ni vichomeo. Mwandishi wa maelekezo ya kiufundi anayefuta viambishi hivyo anautupa utajiri wake mwenyewe.

Vilevile, kauli ya kitenzi ina uzito. "Vali inafunguka" humaanisha kwamba inafanya hivyo yenyewe. "Vali inafunguliwa" humaanisha kwamba pana mtu anayeifungua, na msomaji mwenye bidii ataanza kuutafuta mkono wa vali. Tofauti ya -k- na -liwa, ambayo darasani huonekana kuwa ni zoezi la mofolojia tu, huku inatenganisha kazi ya mtambo na kazi ya binadamu.

Kuwasha, kuzima, kufunga na kufungua

Vitenzi vinne hivi ndivyo nguzo za maelekezo yoyote ya mtambo, na vyote vina maana zaidi ya moja. Washa ni kutia kitu moto na pia kukipa umeme. Maagizo "Washa tanuri" yanaweza kumfanya mtu atafute kiberiti. Katika matanuri ya kisasa kufanya hivyo ni marufuku kabisa, maana yana kiwashio chao. Ni matanuri ya zamani tu yenye mwali mdogo usiozimika, ambao unaweza kuitwa mwali mlezi kwa kuwa hulea moto wa vichomeo, yanayowashwa kwa mkono. Hata hayo yana sharti: gesi ifungwe kwanza, na mtu asubiri dakika 5 ili iliyomwagika itoweke, kisha anuse, hasa karibu na sakafu, kabla ya kuwasha. Kwa tanuri la kisasa, ni heri kuandika: "Weka kidhibitijoto kwenye alama ya joto, kisha chagua kiwango." Hapo neno washa halikuhitajika.

Kiwango nacho kina mtego. Vidhibitijoto vya Marekani husoma Fahrenheit. Nyuzi 68 za Fahrenheit ni sawa na 20 za Selsiasi, kiwango ambacho watu wengi hukiona kuwa cha kutosha mchana. Matini ya Kiswahili inayotaja nyuzi 20 bila ya kutaja kipimo itamwacha mtu akigandamiza kitufe bure. Aidha, anayesafiri hashauriwi kuzima tanuri kabisa. Shauri la kawaida ni kutoshusha kiwango chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani kadiri ya 13 za Selsiasi, kwa sababu maji yakiganda ndani ya mabomba huyapasua.

Funga ni kuzuia njia, lakini pia ni kukaza au kutia kitu mahali pake. Fundi wa Nairobi hufunga gesi kwa maana ya kuizima, na pia hufunga mtungi mpya kwa maana ya kuuunganisha. Kwa hivyo "Funga gesi" ni maagizo yenye nyuso mbili. Yafaa kuandikwa: "Zungusha mkono wa vali mpaka ukingamane na bomba, hapo gesi imekatika." Mkono ukilala sambamba na bomba, gesi inapita. Maelezo ya kile ambacho jicho linaona hayana utata, wala hayahitaji kamusi. Aidha, kitufe cha gesi kinagandamizwa au kuzungushwa kwa mkono mtupu tu. Kikikataa, asitumie koleo wala spana, bali amwite fundi.

Mfano wa zima ni mzito zaidi. Onyo la kuvuja kwa gesi mara nyingi husema: "Usiwashe taa." Msomaji mtiifu anayesikia harufu ya gesi huku taa inawaka atafanya nini? Ataizima, akidhani amejiongezea usalama. Lakini swichi huweza kutoa cheche inapozimwa kama inapowashwa. Onyo sahihi ni: "Usiguse swichi yoyote. Iliyowaka iache iwake, iliyozimwa iache hivyo."

Usafishaji na swali la nani atende

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ya tanuri ni chujio la hewa. Hewa inayorudi kwenye tanuri hupita humo na kuacha vumbi, nyuzinyuzi za nguo na manyoya ya wanyama. Chujio likiziba, hewa haitoshi kulipoza kipitishajoto, nacho hupata moto kupita kiasi. Swichi ya usalama hukata gesi, na tanuri huwaka na kuzima mara kwa mara. Hali hiyo ikiendelea, chuma huchoka na huweza kupasuka. Chujio jembamba la unene wa inchi 1 huangaliwa kila mwezi wakati wa baridi na kubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Vipimo vyake, mathalani inchi 16 kwa 25 kwa 1, vimeandikwa ubavuni, na kuna mshale unaoonyesha mwelekeo wa hewa. Mshale huo uelekee kwenye feni.

Kazi nyingine za mwenye nyumba ni kufyonza vumbi kwenye matundu ya kutolea hewa, kutoyafunika kwa zulia au kochi, kutoweka petroli, rangi au nguo karibu na tanuri, na kuondoa theluji kwenye midomo ya mabomba ya nje. Matanuri yenye ufanisi wa zaidi ya asilimia 90 hutoa moshi kwa mabomba ya plastiki yanayotokeza ukutani, na theluji huweza kuyaziba kwa usiku mmoja. Matanuri hayo hutoa maji pia, kwa hivyo mrija wa maji hayo usizibe.

Kwa upande mwingine, zipo kazi za fundi aliyehitimu, ambaye inapasa aitwe mara moja kwa mwaka, kabla ya majira ya baridi. Yeye hukagua kipitishajoto, hupima mgandamizo wa gesi, huchunguza dohani, husafisha vichomeo na kupima moshi. Kihisi mwali kikishika utando, tanuri huwaka kwa sekunde chache kisha likazima. Fundi hukisugua taratibu kwa kitu chenye makwaruzo laini. Kiwashio hakiguswi kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hukidhoofisha, nacho ni chepesi kuvunjika.

Hapa pana tatizo la sarufi lenye madhara. Kiswahili cha ofisini hupenda kauli ya kutendwa: "Chujio libadilishwe", "Vichomeo visafishwe", "Kipitishajoto kikaguliwe". Sentensi hizo tatu zinafanana kama mapacha, na hazisemi nani atende. Mwenye nyumba atazisoma kama kazi tatu za Jumamosi moja. Yapaswa kuandikwa: "Badilisha chujio wewe mwenyewe. Mwite fundi asafishe vichomeo. Mwite fundi akague kipitishajoto." Kauli ya kutendwa ina adabu yake katika barua za serikali, lakini mbele ya moto na gesi adabu hiyo ni hatari.

Hata methali zetu zinahitaji uangalifu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni hekima kubwa, na mwandishi atavutiwa kuinukuu anapofika kwenye ufa wa kipitishajoto. Asifanye hivyo. Ufa huo hauzibwi. Tanuri huzimwa, na sehemu hiyo, au tanuri zima, hubadilishwa. Msomaji anayeikumbuka methali asije akanunua gundi.

Gesi mbili, jina moja

Gesi inayoletwa nyumbani kwa bomba kwa sehemu kubwa ni methani. Kwa asili haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, gesi iliyovuja bila ya mtu kuitambua ililipua shule katika mji wa New London, Texas, na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Tangu hapo sheria zikataka gesi itiwe kemikali yenye harufu mbaya ili pua iwe mlinzi. Methani ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Gesi ya mitungi inayotumiwa Kenya, pamoja na propani ya mashambani Marekani, ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Mazoea ya Nairobi hayatoshi huko.

Gesi ya pili huzaliwa ndani ya tanuri lenyewe, moto unapokosa hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ana mafua, akalala, asiamke. Nchini Marekani, zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa sumu hii nje ya visa vya moto wa nyumba. Mwali wa samawati uliotulia ni dalili njema. Mwali wa manjano unaoyumba ni onyo. Lakini mlinzi wa kutegemewa ni kengele maalumu inayowekwa kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala.

Sasa gesi hii iitweje? Matini ikisema tu "Ukisikia harufu ya gesi, toka nje", msomaji atahitimisha kwamba pasipo harufu hapana gesi, na pasipo gesi hapana hatari. Mfasiri akikimbilia hewa ya ukaa, atakuwa amelichukua jina ambalo limezoeleka kwa dioksidi ya kaboni, ile tunayoitoa kila tupumuapo na ile inayotajwa katika habari za mabadiliko ya hali ya hewa. Msomaji atajiuliza: hewa ninayoipumua kila siku yaniogopeshea nini? Neno moshi nalo halifai. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu, maana baridi ya Julai huja na habari za jamaa waliolala na jiko la makaa chumbani, milango imefungwa. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi unaoonekana. Kwa hakika watu hungoja yakolee, moshi uishe, ndipo waingize jiko ndani. Neno moshi limewaambia kwamba hatari imekwisha, ilhali sumu ingali inatoka.

Makala haya yanapendekeza monoksidi ya kaboni, pamoja na maelezo yasiyoachwa popote: sumu isiyo na harufu wala moshi. Neno ni geni, na ugeni wake una faida, kwa kuwa halibebi maana ya zamani itakayompotosha msomaji.

Kielelezo cha matini

Kwa kuzingatia hoja zilizotangulia, ukurasa wa dharura unaweza kuandikwa hivi:

Ukisikia harufu ya gesi:
1. Usiguse swichi yoyote. Usiwashe kiberiti. Usipige simu ukiwa ndani.
2. Watoe watu wote nje.
3. Ukiwa mbali na nyumba, piga simu 911 au kwa kampuni ya gesi.
4. Usirudi ndani mpaka uruhusiwe.

Kengele ya monoksidi ya kaboni ikilia, hata kama husikii harufu yoyote:
1. Toka nje mara moja pamoja na watu wote.
2. Piga simu 911 ukiwa nje. Sema kama kuna mtu anayeumwa na kichwa au kichefuchefu.
3. Usirudi ndani mpaka uruhusiwe.

Ukitaka kubadilisha chujio:
1. Zima umeme wa tanuri kwenye swichi yake.
2. Vuta chujio la zamani. Soma vipimo vyake.
3. Ingiza chujio jipya, mshale ukielekea kwenye feni.
4. Rudisha kifuniko. Rudisha umeme.

Itaonekana kwamba kila sentensi ina tendo moja au mawili, na matendo yamefuatana kama mkono utakavyoyatenda. Hakuna "kabla ya kuvuta chujio hakikisha umeme umezimwa", kwa sababu anayesomewa maelekezo kwa sauti atasikia kuvuta kwanza, na mkono wake utafuata sikio.

Hitimisho

Imebainika kwamba matatizo ya maelekezo ya kiufundi katika Kiswahili hayasababishwi na uhaba wa maneno peke yake. Ngeli, kauli za vitenzi, viambishi vya nyakati na mpangilio wa matendo, mambo yanayofundishwa katika mwaka wa kwanza wa shahada, ndiyo yanayoamua kama msomaji ataelewa. Idara za Kiswahili zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika maelekezo ya vyombo halisi, kisha kumpa msomaji asiyekijua chombo hicho ayafuate huku wakimtazama. Mahali atakapokwama ndipo lugha ilipokwama.

Maswali ya zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "vali inafunguka" na "vali inafunguliwa" katika maelekezo ya mtambo.
2. Toa vitenzi vingine vitatu vya Kiswahili vyenye utata vinapotumiwa kuhusu umeme au gesi, na upendekeze namna ya kuuondoa utata huo.
3. Andika onyo la sentensi zisizozidi nne kwa familia inayotaka kulala na jiko la makaa chumbani. Usitumie neno moshi.